Maswali ya Wasomaji: Nitamshukuruje Dada Asiyetaka Kushukuriwa?

Safu hii imezoea kupokea malalamiko. Mwezi huu zimefika barua tatu kutoka kwa watu wenye furaha, na ni furaha hiyo iliyowaletea maswali. Wote wanazungumzia uraibu wa heroini na ndugu waliorudiana. Nimezifupisha barua zao, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 34, ninaishi Dar es Salaam. Nilianza kuvuta heroini nikiwa na miaka 21, baadaye nikawa ninajidunga. Kwa miaka tisa nilichukua nyumbani kila kilichobebeka: mtungi wa gesi, redio, vitenge vya mama, na mwisho cherehani aliyoitumia kutulea tangu baba afariki. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifuata maskani kwa watumiaji wenzangu, akanipeleka kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, na kwa miezi ya mwanzo akawa ananipa nauli ya daladala kila asubuhi. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye dawa. Nimejifunza uchomeleaji, ninatengeneza mageti na madirisha. Zamani chakula changu kilikuwa kinawekwa barazani kwenye sahani yangu peke yangu, lakini mwaka jana mama aliniita nikale naye sinia moja.

Sasa nataka kuwashukuru. Nimeweka akiba nifanye shughuli kubwa, nikodi turubai, viti na spika, niwaalike ukoo na majirani, nisimame mbele yao nieleze yote dada aliyonitendea, kisha nimkabidhi mama cherehani mpya na dada seti ya dhahabu. Dada amekataa. Anasema hataki sherehe wala dhahabu, anataka tu niwe napokea simu anaponipigia, basi. Nimeumia, kwa sababu naona bado hajanisamehe. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Nitamshukuruje mtu asiyetaka kushukuriwa?

*Mwenye Deni, Temeke*

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa miaka hii minne, ambayo najua kila asubuhi yake ilikuwa na safari ya kwenda dirishani kunywa dawa mbele ya mhudumu, iwe mvua iwe sikukuu.

Nimeisoma barua yako na kurudi mara kadhaa kwenye sentensi uliyoipitia kwa haraka kuliko zote, ile ya simu. Wewe umeiona kama kukataliwa. Mimi nimeiona kama jibu kamili la swali lako, tena la mtu aliyelifikiria kwa muda mrefu. Kwa watu wengi simu isiyopokelewa ina maana ya kazi nyingi au chaji iliyokwisha. Kwa aliyeishi na ndugu anayejidunga, simu inayoita mpaka ikakatika ina maana kwamba huenda yuko mahabusu, huenda amekamatwa akiiba na watu wanampiga, huenda amezidisha kipimo na amelala nyuma ya kibanda fulani bila mtu wa kumgeuza. Ndugu wa namna hiyo hawazimi simu usiku. Wanalala nayo karibu na sikio, wakiogopa ikiita na wakiogopa isipoita. Miaka tisa ni zaidi ya usiku elfu tatu. Leo dada yako akikupigia ukiwa karakana, ukapokea, ukamwambia kwa sauti yako ya kawaida kwamba unachomelea geti na utampigia ukimaliza, kisha ukampigia kweli, unamrudishia usingizi aliokuwa ameupoteza. Hakuna sonara anayeuza kitu hicho.

Kuhusu shughuli, naungana na dada yako. Unataka kusimulia mbele ya ukoo yote aliyokutendea, lakini hujaniambia kama umewahi kumwuliza yeye ni yapi anayoyaona kuwa yake peke yake. Mwanamke aliyempa ndugu yake nauli kila asubuhi kwa miezi mingi huenda aliitoa kwenye pesa za matumizi ya nyumba yake. Huenda aligombana na mumewe, huenda alikopa kwenye kikundi cha kina mama na akadanganya sababu. Ukimsifu kwa spika, utakuwa unayatangaza hayo pia, na watu watakaokula pilau yako watarudi nayo makwao. Vipo vikundi vya waraibu vinavyofuata hatua 12, vilivyoanzia California mwaka 1953 na ambavyo utaratibu wake unatumika leo katika nyumba za upataji nafuu, wanakoishi wanaojitoa kwenye uraibu, za Zanzibar na bara. Hatua yao ya nane humtaka mtu awaorodheshe wote aliowadhuru, na ya tisa humtaka awatengenezee moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Hilo sharti la mwisho nimeona likisahauliwa mara nyingi na watu wenye nia njema kabisa, kwa sababu mtu aliyebeba aibu kwa miaka hutamani kuitua yote kwa siku moja, mbele ya mashahidi, na hamu hiyo ya kuitua humfanya asitazame inamwangukia nani.

Umejiita Mwenye Deni, na jina hilo nalo limenifanya nisite. Deni huisha. Mdaiwa akishalipa hupewa stakabadhi, na baada ya hapo yeye na mdai wake wanaweza wasionane tena na asiwepo wa kulaumiwa. Sidhani kama ndicho unachokitaka na dada uliyechangia naye ziwa. Seti ya dhahabu ingeweza kusomeka hivyo, kana kwamba umekusanya hesabu ya nauli zote, ukaongeza na faida, ukasema sasa tumemalizana. Methali ya mkono mtupu wanaitumia watu wenye shida ya kupeleka kwa mkubwa. Dada yako hakukufuata maskani akitarajia kulambwa mkono.

Cherehani ni habari nyingine, na hapo nakuunga mkono, ila ninayo ya kuongeza. Kwanza mwulize mama kama bado anashona, maana macho na mgongo wa miaka ile huenda sio wa leo, na cherehani mpya inayofunikwa kitambaa pembeni ya kabati itamkumbusha alichokipoteza kila akipita. Pili, kama unamfahamu aliyeinunua ile ya zamani, na bado anayo, jaribu kuikomboa, hata kama imechakaa. Mwanamke huijua cherehani yake kwa mlio. Usiende peke yako ikiwa njia inapita maskani. Mtume mtu mzima unayemwamini, au uende naye. Tatu, siku utakayoipeleka, usiwe na mgeni yeyote nyumbani. Keti chini, useme kwa maneno yako kwamba wewe ndiye uliyeiuza, useme na mwaka, na umwombe radhi. Watoto wengi waliotoka kwenye uraibu huruka sehemu hiyo kwa sababu mama alishawaonyesha upendo kwa chakula na kwa kufungua mlango, wakaona yameisha. Mama anaweza kukulisha kwenye sinia moja huku akisubiri kulisikia neno hilo, na akafa hajakwambia kwamba alikuwa analisubiri.

Kwa dada, nenda siku ya kawaida. Mwambie umemwelewa kuhusu simu. Kisha mwulize swali moja, ni usiku upi ulikuwa mgumu kwake kuliko wote, na akianza kueleza usijitetee, usimwambie kwamba ulikuwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini, usimkatize kwa kulia. Msikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Naomba unisadiki katika hili, kwa sababu nina mdogo wangu wa kiume aliyekula unga, yaani heroini. Yeye alianza kabla ya Februari 2011, mwezi ambao kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na siku zile familia haikuwa na pengi pa kumpeleka mtu wake. Sisi tulimfungia chumbani ili arosto imwishe. Usiku wa nne alivunja dirisha. Miaka mingi baadaye, akiwa mzima, aliniuliza swali hilo nililokuandikia, nami nikamweleza usiku ule wa dirisha, na kwamba nilimsikia akiniita kwa jina na sikumfungulia. Yeye alikuja kunishukuru, na mimi ndiye niliyeishia kumwomba msamaha. Tangu jioni ile tumekuwa ndugu kwa namna ambayo hatukuwahi kuwa hata utotoni.

Salaam mshauri. Mwanangu ana miaka 27. Ni mwezi wa tisa sasa tangu aanze methadoni, amenenepa, anasali, anaosha vyombo bila kutumwa, na juzi alimbeba bibi yake mgongoni kumpeleka zahanati. Kila usiku namshukuru Mungu. Lakini nikienda kuoga bado naingia na mkoba wangu bafuni. Juzi aliniona, akanyamaza, na mimi nikaona haya. Je, huku si kukufuru neema? Jambo la pili, nimekuwa nikimwambia kwamba kwa kuwa sasa amepona, apumzike na hiyo dawa ya kila siku, maana majirani wanasema ametoka kwenye unga akaingia kwenye unga mwingine. Yeye anasitasita. Nimshauri vipi?

*Mama Mwenye Furaha, Mwanza*

Mama yangu, nianze na la pili, kwa sababu la kwanza linaweza kusubiri na hili haliwezi. Tafadhali usimwambie tena aache dawa.

Najua unayasema hayo kwa furaha. Unamwona amekuwa yule mtoto uliyemzaa, na ungependa kila kinachokumbusha ugonjwa kiondoke ndani ya nyumba. Lakini huyo unayemshukuria Mungu kila usiku amesimama kwa msaada wa hiyo methadoni. Ni dawa ya jamii moja na heroini, hilo majirani hawakulikosea, ila inafanya kazi polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba dozi moja inayonywewa kwa kipimo humwondolea arosto kwa siku nzima bila kumlewesha, naye anapata nafasi ya kula, kulala, kufanya kazi na kumbeba bibi yake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Wako wanaoitumia kwa miaka mingi, na wako wanaofika mahali pa kuiacha. Wanaoiacha salama hupunguziwa kidogo kidogo na daktari kwa miezi, kwa hiari yao wenyewe, wakati maisha yao yametulia. Anayeiacha ghafla ili kuwafurahisha wa nyumbani hurudiwa na arosto pamoja na hamu, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu mwili uliotoka kwenye dawa hupoteza ule uzoefu wa zamani, na kete ya heroini ambayo mwaka juzi ingemtuliza tu inaweza leo kumkata pumzi akiwa peke yake. Nimewahi kukaa msibani kwa familia ambayo ilikuwa imefanya karamu ya kumpongeza kijana wao kwa kuacha dawa. Sijasahau uso wa mama yule.

Majirani wajibu kwa kifupi kwamba mwanao yuko chini ya daktari. Wewe panga siku uende naye kliniki. Wahudumu wengi hupenda kumwona mzazi, watakueleza wao wenyewe, na mwanao akikuona umekaa kwenye benchi la kliniki pamoja naye atapata shukrani yako kwa njia ambayo maneno hayaifikishi. Ukienda, waulize pia dawa gani nyingine zisichanganywe na methadoni, maana pombe na dawa za usingizi pamoja nayo zimeua watu.

Sasa mkoba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hatumwiti mtu huyo mkufuru. Mkono wako ulijifunza kushika mkoba kwa miaka, usiku na mchana, na hautajifunza kuuachia kwa miezi tisa kwa sababu tu moyo umeshafurahi. Shukrani na tahadhari zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Kinachowaumiza ninyi wawili ni ule ukimya, kwamba alikuona, na wewe ukajua amekuona, na hamkusema. Mwambie. Sema hivi au kwa namna yako: “Mwanangu, nakuona ulivyobadilika na ninashukuru, lakini mkono wangu bado una hofu, nivumilie.” Vijana wengi waliopata nafuu wataipokea kauli hiyo vizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wanajua walichokifanya, na mzazi anayejifanya ameshasahau huwatia wasiwasi kuliko anayekiri kwamba bado anakumbuka. Usijilazimishe kuuacha mkoba sebuleni kama mtihani, maana huo ni mtego kwake na mateso kwako.

Kwa mdogo wangu niliyemtaja hapo juu, mimi sikuwahi kuamua kwamba sasa namwamini. Ilipita zaidi ya mwaka. Asubuhi moja, nikiwa tayari kwenye kituo cha daladala, nikapapasa begani na kukuta mkoba haupo, nikakumbuka kwamba tangu jana jioni ulikuwa juu ya kiti cha jikoni na yeye alikuwa amelala nyumba ile ile. Niliporudi ulikuwa pale pale, na amenifunikia kwa kanga ili vumbi lisiuingie.

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamume wa Unguja, ninatimiza miaka miwili bila kutumia. Nilikaa nyumba ya upataji nafuu, na sasa nimebaki hapo kama mlezi wa wanaoingia. Kaka zangu wamenirudisha katika familia, mwezi uliopita wameniita kwenye kikao cha posa ya binti wa marehemu dada yetu, na nilipewa nafasi ya kusema. Wote wanafurahi. Lakini mama alifariki miezi minne kabla sijaacha. Nilikuwa nimelala barazani kwa watu siku anazikwa. Wenzangu kwenye mkutano wanaposimama kushukuru mama zao mimi hutoka nje. Radhi ya mtu aliyekufa inaombwa wapi?

*Mtoto wa Mwisho, Unguja*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba, ambao nadhani hakuna aliyekupa pole yake siku ile kwa sababu hukuonekana, na baadaye kila mtu akadhani muda umepita. Nakupa mimi leo.

Wewe ni Mwislamu na dini yako haikukuacha bila njia, wala si mimi wa kukufundisha. Wapo masheikh waliokaribu nawe. Lakini unajua kwamba katika yale yanayobaki kwa mtoto baada ya wazazi kuondoka ni kuwaombea dua na maghufira, kutimiza ahadi walizoziacha, kuunga udugu unaopitia kwao, na kuwakirimu rafiki zao. Ukiitazama barua yako utaona umeshaanza. Kuketi kwenye posa ya mjukuu wake, kama mjomba wa binti, na kusema neno likasikilizwa, ni udugu unaopitia kwake. Sijui kama ulilitazama hivyo. Naomba siku ya harusi ulitazame hivyo.

Katika mkutano usitoke nje tena. Zamu yako ikifika, mseme mama yako, kwamba alikuwa nani, alipika nini, alikuitaje. Wanaoingia nyumba ile leo, ambao mama zao bado wako hai na wanawapigia simu bila kupokelewa, wanahitaji kukusikia wewe kuliko kunisikia mimi.

Lililobaki ni rafiki yake. Kila mama wa mtaani ana jirani mmoja aliyekuwa akimweleza yale asiyoweza kuwaeleza watoto, na bila shaka unamjua wa mama yako. Ndiye aliyekuwa naye miezi ile ya mwisho. Nadhani umekuwa ukimkwepa njiani. Nenda kwake baada ya alasiri, bila zawadi kubwa, sukari na majani ya chai yanatosha. Mwambie wewe ni mtoto wa fulani na umekuja kumjulia hali. Atakupa kikombe. Ukishakinywa, mwulize mama alikuwa anasema nini juu yako.